Kihisi Namba Saba

Nimekifunga kwa mama, Isevya, chini ya bati la jiko,
kwa waya uliobaki kwenye mizinga ya nyuki ya mjomba.
Kiboksi cheupe, hakizidi mkate wa boflo.
Tumboni feni ndogo, taa ya leza,
na laini ya simu inayokula bando kama kijana wa chuo.

Sita walikitangulia: stesheni, Soko Kuu,
tanuri za matofali za Kiloleni,
barabara ya Urambo yanapopumzika malori ya tumbaku,
na wawili ambao jua liliwaua mapema.
Kwa hiyo huyu ni Saba.

Kazi yake kuhesabu.
Si moshi; moshi hata mbuzi anauona.
Saba anahesabu chembe ambazo ukizilaza kando ya unywele,
unywele unakuwa gogo la mninga.

Wiki ya kwanza alisema uongo.
Mvua za Desemba: aliukuta ukungu akauhesabu wote,
mia mbili na kumi, mji umelala, jogoo hajakohoa.
Chombo kikubwa cha kumsahihisha kiko mbali,
bei yake zahanati nzima pamoja na nesi.
Huyu bei yake baiskeli.
Nikakaa naye usiku kucha nikitoa unyevu, nikigawanya,
kama unavyokaa na mtoto aliyevunja sahani.

Wiki ya tatu akasema sifuri.
Sifuri mchana, sifuri usiku.
Bwana Ndimila wa halmashauri akanipigia mwenyewe:
"Hongera! Isevya mnavuta hewa ya peponi!"
Alishaiandika kwenye taarifa.
Nikapanda ngazi. Nyigu amekandika tundu kwa udongo mwekundu,
amehamia, ana watoto.
Nikamwomba radhi kwa bisibisi.

Tangu siku hiyo, saa kumi na dakika kumi alfajiri,
mstari unainuka kama nyoka aliyekanyagwa mkia.
Themanini. Mia na arobaini. Mia tatu na sita.
Si malori, madereva bado wanakoroma.
Si treni ya Mpanda, hiyo haijawahi kuwahi.

Ni mama.
Anachochea kuni za mtundu, anakaanga vitumbua sabini,
vile vile vilivyoninunulia daftari la fizikia,
sare, nauli, na chuo
nilikofundishwa kuusoma mstari huu.

Kwenye ripoti ni nukta nyekundu.
*Chanzo: shughuli za kaya.*
Shughuli za kaya ina goti bovu
na kikohozi tulichokizoea kama saa ya ukutani;
utotoni tulijua kumekucha
kwa kikohozi hicho.

Nikamwonyesha simu. Akafuta mikono kwenye khanga.
"Hicho kinaniona mimi?"
"Kinaona moshi, mama."
"Na bei ya mtungi wa gesi kinaiona?"

Nikatazama jedwali langu. Lina safu ya joto, ya unyevu,
ya saa, ya chembe.
Safu hiyo haimo.

Jumamosi tukang'oa matofali manne juu ya mafiga.
Mia na tisini.
Si ushindi. Mama aliitamka polepole,
mia na tisini, kama anayehesabu chenji
aliyorudishiwa pungufu, lakini amerudishiwa.

Sasa Kapongo wa buchani anaandika kwa chaki, chini ya bei ya maini:
HEWA LEO 64.
Watu wanauliza, kwa kilo?
Na Mama Nyanzala amekuja kumwazima Saba kwa wiki moja,
kama mtu anavyoazima kinu.
"Mwangaluka," akakisalimia kwanza, kwa heshima zote,
kisha akanigeukia: "Kinakula nini?"

Jua kidogo, nikamwambia.
Na kile tunachokivuta.